Mashine Yamaha 40 imekamata baharini: nichonge silinda au nitafute ya mtumba?

NahodhaKilindoni

Wakuu, assalam alaykum na habari za kazi. Naomba ushauri wa watu waliozishika mashine za boti kwa mikono yao, si wa kusikia vijiweni.

Nina boti ya faiba futi 23, hapa Kilindoni, Mafia. Mashine ni Yamaha Enduro 40, stroki mbili, ya kuvuta kamba. Niliichukua mtumba na imenilisha vizuri tu. Siku nyingi ni uvuvi, na papa potwe wakianza kuonekana nabeba wageni wa kwenda kuogelea nao.

Juzi tunarudi kutoka upande wa Ras Mkumbi, bahari shwari, mzigo wa kawaida, mashine ikaanza kupungua nguvu yenyewe. Nikaongeza moto, haikupanda. Ikakwaruza mara moja, sauti mbaya ya chuma kwa chuma, ikazima. Kamba tangu hapo haivutiki hata inchi. Rangi ya pale kwenye hedi imevimba na kubabuka. Kijana wangu anayekaa nyuma anasema mashine ilikuwa haikojoi (haitoi yale maji ya kuipoza) kwa muda, lakini alinyamaza kwa sababu aliona bado inakwenda! Tulitweka turubai, tukajikokota na upepo mpaka jahazi moja likatuonea huruma likatuvuta.

Sasa nina ushauri wa aina mbili na umenivuruga. Fundi wa hapa anataka laki tisa kwa kila kitu: pistoni, ringi, kuchonga silinda, gasketi na ufundi wake. Mwingine wa Dar, kwa simu tu, anasema mashine iliyochemka namna hiyo haina maisha tena, nimpe milioni mbili na nusu aniletee injini ya juu ya mtumba, tuikalishe juu ya guu langu, yaani ile sehemu ya chini yenye gia na pangaboi. Msimu wa wageni ndio umeanza na kila siku boti ikilala ni hasara. Mngekuwa mimi mngefanya nini?

JembeLaBahari

Usihangaike mkuu. Toa plagi, mimina dizeli kwenye silinda, ilale usiku. Asubuhi zungushia kamba nene kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, vijana wawili wenye nguvu wavute kwa mpigo. Ya mjomba wangu iliachia hivyo hivyo na mpaka leo inakwenda.

FundiMzee_Tanga

Huyo anayekwambia vijana wawili wavute, mwambie akuachie na namba yake ya simu, maana konirodi (fimbo inayounga pistoni na kranki) ikipinda ni yeye atakayekulipa. Pistoni iliyonata haiachii kwa hasira. Dizeli peke yake pia ni nzito na haipenyi upesi, ila simlaumu, ndiyo iliyoko kila ufukwe.

Nahodha, nisikilize taratibu. Mimi mashine hizi nazifungua tangu enzi za Seagull, zile mashine za kizamani za Kiingereza, na nimeona watu wengi wakinunua injini nzima kwa ugonjwa wa elfu hamsini. Kwa hiyo kabla ya laki tisa au milioni mbili na nusu, hakikisha kwanza kilichokamata ni nini. Kamba kutovutika si ushahidi. Enduro ina kizuizi kinachofunga kamba kama gia imeingia. Mashine ikizima ghafla baharini, mtu huwa ameiacha kwenye gia ya mbele, akifika ufukweni anavuta, haivutiki, analia. Weka nyutro. Halafu fungua kile kikombe cha kamba juu, kitoe kabisa, ujaribu kuzungusha flaiwili yenyewe kwa mikono miwili. Zungusha kwa mwelekeo wa saa tu, kamwe usirudishe kinyume, kwa sababu impela ya pampu ya maji, kile kigurudumu cha mpira chenye bawa kinachosukuma maji, iko chini inazunguka na shafti hiyo hiyo, na ukirudisha nyuma unazikunja bawa zake.

Ikigoma bado, shusha guu. Ni boliti chache, ila kumbuka kufungua kiungio cha fimbo ya gia kabla hujavuta, watu huvunja pale. Guu likishatoka, jaribu tena flaiwili. Ikizunguka, basi ugonjwa uko chini, kwenye gia au beringi za guu, na injini yako haina kosa. Isipozunguka, ndiyo tunarudi kwa pistoni.

Kwa maelezo yako ya rangi kubabuka na kutokojoa, mimi naweka dau langu kwenye pistoni. Lakini shusha guu kwa vyovyote, kwa sababu impela iko humo na ndiye mshukiwa wangu wa kwanza. Nitajie umekuta bawa ngapi zimebaki.

Kuiachilia: inua mashine kama unavyoinua boti inapoingia kwenye maji mafupi, ifunge hapo. Katika hali hiyo hedi inatazama juu na matundu ya plagi yanaangalia mbingu, kwa hiyo utakachomimina kitakaa juu ya pistoni badala ya kuvuja. Mimi hutumia oili ya gia za otomatiki za magari (ATF) niliyochanganya na asetoni nusu kwa nusu. Hupenya mahali ambapo oili ya kawaida haifiki. Jaza, acha, rudi jioni ongeza. Kila ukipita, shika nati ya flaiwili kwa soketi na mpini wa kawaida, usiunge bomba, na uikaze kidogo kuelekea mwendo wa saa. Unatafuta kunyanyuka kwa unywele tu. Ikinyanyuka unywele, umeshinda, ongeza dawa, subiri.

Na ikiachia, TAFADHALI usiiwashe ili kuona. Hapo ndipo watu humalizia kuua. Pistoni ni aluminiamu, ikipata joto inavimba kuliko silinda ya chuma, inajipaka kwenye ukuta kama siagi kwenye mkate. Hiyo aluminiamu iliyojipaka bado ipo. Ukiwasha, inachana pistoni, ringi inakatika, kipande kinaingia kwenye beringi za kranki, na laki tisa yako inakuwa milioni.

Mvuvi_Ukerewe

Huku ziwani hatuna chumvi lakini tuna magugu maji, na hayo nayo huziba pale mashine inapovutia maji, inachemka vile vile. Namuunga mkono mzee kuhusu kutazama chini kwanza.

Ila kuhusu mtumba nina mawazo tofauti kidogo. Sisi wa dagaa tunafanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa mweupe tunapumzika, na hapo ndipo tunapofungua mashine. Ikikamata katikati ya giza, siwezi kukaa nangoja bloku irudi kutoka kuchongwa wakati wenzangu wanapakia. Kwa hiyo nilinunua injini ya akiba. Kama nahodha ana wageni wanaomsubiri, hesabu ya siku zinazolala nayo ni pesa. Asiitazame laki tisa peke yake.

NahodhaKilindoni

Shikamoo mzee wa Tanga. Ahsante pia ndugu wa Ukerewe, na Jembe usijali, tunajifunza wote.

Nimefuata kama ulivyosema. Gia ilikuwa nyutro. Kikombe cha kamba nimetoa, flaiwili imegoma. Nikashusha guu (kiungio nilikifungua, kilikuwa kimekula kutu, kimenitoa jasho), flaiwili bado imegoma. Kwa hiyo ni juu.

Impela sasa. Bawa zilizobaki nzima ni mbili. Nyingine zimekatika kwenye shina, na vipande sivioni ndani ya nyumba ya pampu. Nimefungua na ile themostati, kilango kinachoruhusu maji ya kupoza kupita, imejaa unga mweupe wa chumvi, imefunga kabisa.

Oili ya otomatiki nimepata, asetoni sikupata kisiwani, mwenye saluni amenipa ile ya kutolea rangi ya kucha, sijui kama ni sawa. Imelala na dawa. Jana jioni nikashika nati, ikanyanyuka kidogo sana, nikaacha. Leo asubuhi imezunguka! Nzito, inakwaruza mahali pamoja, lakini imezunguka mzunguko mzima. Sijaiwasha mzee, nimeapa.

FundiMzee_Tanga

Marahaba. Ile ya kucha nyingi huwa ni asetoni yenye manukato, kwa hiyo mashine yako inanukia harusi. Imefanya kazi, yatosha.

Umeshaona muuaji. Impela ya mpira inakaa na bawa zake zimekunjwa ndani ya nyumba yake muda wote, hata boti ikiwa imelala juu. Mpira unakauka, unashika umbo, unakatika. Kwa boti ya kazi kama yako ibadilishe kila mwaka, hata kama inakojoa vizuri. Na vile vipande ambavyo huvioni, vitafute. Vimepanda na maji, viko kwenye bomba la maji au kwenye njia za bloku. Ukiweka impela mpya na kuviacha humo, utachemsha tena mashine iliyochongwa upya. Toa lile bomba la shaba, lipulizie, zibua njia zote kwa waya laini na maji ya bomba mpaka yatoke kwa nguvu juu.

Sasa tazama ndani. Ubavuni pana kifuniko cha ekzosti, ukikitoa unaziona pistoni zote mbili kupitia matundu ya moshi bila kuvunja kitu kingine. Tatizo ni boliti zake. Ni chuma ndani ya aluminiamu, na chumvi imeziunganisha. Usizivute kufungua moja kwa moja. Gonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo, pasha moto aluminiamu inayoizunguka, si boliti, kisha ukaze kidogo kwanza kabla ya kufungua. Ikilia “ti”, imeachia. Ikiwa laini ghafla kama inazunguka kwenye ugali, simama, inakatika hiyo.

Toa na hedi, halafu unieleze mambo matatu. Pistoni ya juu ikoje, ya chini ikoje, na ukishika konirodi ukaisukuma na kuivuta kuelekea kwenye kranki, inacheza? Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida. Kucheza kwa kusukuma na kuvuta si kawaida hata kidogo.

NahodhaKilindoni

Mzee, boliti moja imekatika, ile ya kona ya chini. Nyingine zimeachia kwa kulia kama ulivyosema.

Pistoni ya chini safi, ukuta wake unang'aa, mistari ya msalaba bado naiona. Ya juu imeharibika. Upande wa ekzosti imechanika kwa urefu na ringi zimegandana ndani ya mifereji yake, hazichomozi. Ukuta wa silinda una michirizi, na aluminiamu imejibandika, ukipitisha ukucha unakwama. Konirodi zote mbili nimezisukuma na kuzivuta, sisikii mchezo. Kranki inazunguka laini ukiizungusha bila pistoni kukwaruza.

Vipande vitatu vya impela nimevikuta kwenye njia ya maji, kimoja karibu na themostati.

FundiMzee_Tanga

Hapo tumepata jibu. Ya juu ndiyo inayofikiwa na maji mwisho kwa kuwa pampu iko chini inasukuma kupanda, kwa hiyo maji yakipungua ndiyo huanza kuungua. Kranki yako imepona. Kama ingekuwa konirodi inacheza, au bloku imetobolewa, ningekuwa wa kwanza kukwambia tafuta injini nyingine. Ila kwa hali hii kununua mtumba ni kuiacha kranki unayoijua ukafuata ya mtu usiyemjua, iliyopigwa rangi ya juzi.

Na kuna mtego ambao yule wa simu hajakutajia. Si kila Enduro 40 ni moja. Tazama kile kibao cha namba kwenye bano linaloshika boti. Kama ni E40X, bloku 66T, ina silinda mbili, ujazo wa sisi (cc) 703, pistoni milimita 80. Ile ya zamani zaidi, E40G, nayo ni silinda mbili lakini pistoni ni za kipimo kingine. Kwa macho zinafanana, dukani wote wanakwambia “ya arobaini”, na watu wamesafirisha pistoni kutoka Dar hadi kisiwani zikafika zinapwaya au haziingii. Ukinunua chochote, taja namba ya kibao, usitaje nguvu za farasi. Na kama siku moja utanunua mtumba kweli, hakikisha kibao kipo na hakijakwaruzwa, mashine za wizi ni nyingi mwambao huu.

Kuhusu hoja ya ndugu wa Ukerewe, ni ya haki. Mwenye uwezo wa kuweka akiba na aweke. Lakini akiba nunua wakati huna haraka. Anayenunua huku wageni wamesimama ufukweni huuziwa chochote.

Kuchonga: bloku ipimwe kwanza na mwenye kipimo cha ndani cha silinda, ndipo ununue pistoni, na ichongwe kwa kufuata pistoni iliyo mkononi. Asichonge kwanza kisha mkatafute. Oversaizi, yaani pistoni zilizozidi kipimo cha mwanzo, zipo mbili, milimita 0.25 na 0.50. Mwambie pia, na umwambie mara mbili maana wengi wamezoea injini za magari, kwamba hii ni stroki mbili, ukuta wa silinda una matundu. Akishachonga, kingo za kila tundu zinabaki kali kama wembe, lazima azilainishe. Asipofanya hivyo ringi inanasa kwenye tundu na inakatika siku ya kwanza. Ya chini kama kipimo bado kiko ndani ya kiwango, usiiguse, weka ringi mpya tu.

Hedi iliyochemka huwa imepinda. Chukua kioo kinene cha dirisha, kilaze mezani, juu yake weka msasa laini, sugua uso wa hedi kwa mwendo wa nane. Penye kung'aa pamegusa, penye giza ni bonde. Endelea mpaka kote kung'ae. Gasketi mpya, usirudishe ya zamani hata ikikutazama kwa huruma.

Pistoni ina maandishi UP, yatazame juu kwenye flaiwili. Ringi zina vipini kwenye mfereji, midomo ya ringi ikae hapo hapo kwenye vipini. Vile vipete vinavyofunga pini ya pistoni viwe vipya.

MamaBoti_Pangani

Naongeza langu kuhusu oili, maana mimi ndiye ninayewachanganyia vijana wangu petroli na nimeona vituko. Dumu la lita 20 kwa kawaida ni mililita 400 za oili, yaani moja kwa hamsini. Mashine iliyotoka kuchongwa, saa 10 za mwanzo unaongeza maradufu, mililita 800. Itatoa moshi, wacha itoe. Na oili iwe ya mashine za boti, iliyoandikwa TC-W3. Zile za kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa mimi nilikataza kabisa.

Baba nahodha, na kijana wako wa nyuma mfundishe tu. Kwangu mimi anayekaa nyuma kazi yake ya kwanza ni mkojo wa mashine, samaki baadaye.

NahodhaKilindoni

Mama ahsante sana. Kijana ameshafundishwa, sasa kila dakika anapiga kelele “inakojoa!” hata boti ikiwa juu ya mchanga.

Mzee, kibao kinasema E40X. Bloku imekwenda Dar kwa kivuko mpaka Nyamisati, kisha basi. Wenye karakana wamepima: ya chini iko sawa, ya juu 0.25 haitoshi kufuta mchirizi, wanataka 0.50. Nina wasiwasi, nikiweka 0.50 si ndiyo mwisho? Na hiyo boliti iliyokatika wanasema wataitoboa.

FundiMzee_Tanga

Ndiyo ya mwisho kwa pistoni za kiwandani, lakini usiogope. Ikitunzwa, 0.50 inakwenda miaka sawa na ile ya kwanza. Na siku ikikataa, karakana nzuri inaweza kuingiza silivu mpya, yaani ukuta mpya wa silinda, ukarudi kwenye milimita 80. Usimkubali anayesema aiache michirizi kidogo kwenye 0.25, mchirizi huo unapitisha moto na utakula ringi.

Boliti wasiikimbilie kutoboa. Keke ikipinda inaingia kwenye aluminiamu na uzi wa bloku unakwenda. Kama imebaki hata milimita chache nje, wachomelee nati juu yake, joto la kuchomelea lenyewe linailegeza, kisha waifungue kwa spana ingali ya moto. Kama imekatikia ndani kabisa, hapo watoboe, lakini katikati kabisa na kwa keke ndogo kwanza. Hayo yafanyike kabla ya kuchonga, chembe za chuma zisiingie kwenye silinda mpya.

Ukirudishia boliti zote, zipake grisi ya baharini kwenye uzi. Na saa ya kwanza ya kuendesha usiende na wageni, nenda na huyo kijana wako, moto wa kati, ukipandisha na kushusha.

NahodhaKilindoni

Nimewapigia sasa hivi. Boliti imebaki nje kama milimita nne, wamekubali kuchomelea nati. Pistoni ya 0.50 ya 66T wamesema ipo Gerezani, nimewatumia picha ya kibao waende nayo dukani. Impela na themostati nimeagiza na za akiba.